MREJESHO: Site Recovery Manager kutoiona vSphere Replication

Wakuu, narudi kufunga uzi wangu wa kuomba msaada. Tatizo lilikuwa hili: tulibadilisha cheti cha kidijitali cha vCenter (mfumo wa kusimamia seva za VMware), kisha Site Recovery Manager (inayohamishia mashine kwenye saiti ya pili ikitokea ajali) ikakataa kuunganika na vSphere Replication (inayonakili mashine kwenda saiti hiyo), na mashine pepe (kompyuta za kiprogramu) zote zikapotea kwenye makundi ya ulinzi.

Aliyesema tuangalie saa, asante. Upande mmoja ulikuwa nyuma dakika 4. Tumeweka NTP (seva ya kulinganisha saa) ileile pande zote, lakini kosa lilibaki palepale.

Kilichotibu ni ushauri mwingine mlionipa, wa kuifanya mifumo ikubali cheti kipya. Mifumo yote miwili ilikuwa bado imeshikilia alama ya utambulisho (thumbprint) ya cheti cha zamani. Fungua kwenye kivinjari ukurasa wa usimamizi wa vSphere Replication, poti 5480, chagua Reconfigure, weka nenosiri la SSO (akaunti ya kuingilia vCenter), kubali alama mpya. Rudia kwa Site Recovery Manager, kisha saiti ya pili. Mwisho bonyeza Reconnect kwenye jozi ya saiti. Sisi tulisahau saiti ya pili, tukapoteza saa nzima bure!

Ushauri wa kufuta urudufu wote na kuanza upya sikuufuata. Unaweza kufuta pia diski za nakala zilizo upande wa pili, halafu data yote ipite tena kwenye laini.

Mashine 2 bado zinavuka RPO (muda wa juu unaoruhusiwa nakala kuwa nyuma). Zimewashiwa usimbaji, hivyo hutumia poti 32032, na fayawoli yetu ilifunguliwa 31031 tu. Jaribu hivi kwenye ESXi (seva inayoendesha mashine pepe): nc -z, IP ya vSphere Replication ya upande wa pili, 32032. Kwetu haipiti, watu wa mtandao wameshaombwa waifungue.

Asanteni sana.