Jembe na nyumba: mpiga kura alikuwa anaamua nini hasa?

Wakuu, kila ikiguswa habari ya enzi za chama kimoja Tanzania, wapo wanaosema wananchi walikuwa na sauti kuliko leo. Ushahidi wao ni uchaguzi wa 1965: karibu kila jimbo wagombea wawili wa TANU, chama tawala cha wakati ule, huyu alama yake jembe, yule nyumba, na vigogo wakaanguka, akiwemo Paul Bomani, Waziri wa Fedha. Ni kweli, na silibezi hilo. Mkubwa aliyesahau jimbo lake alikiona.

Ila wale wawili walipatikanaje? Mkutano mkuu wa wilaya wa chama uliwapigia kura walioomba, majina yakapelekwa juu, na Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ndiyo iliyoteua wawili. Ukishafika kwenye sanduku, mchujo ulishafanyika zamani, na wote wawili wanahubiri sera ileile. Uliweza kumwondoa mtu, sera hukuigusa.

Azimio la Arusha, lililoweka siasa ya ujamaa na kujitegemea, lilipitishwa na Halmashauri Kuu, Januari 1967. Mwaka 1968 wabunge waliofukuzwa TANU walipoteza na ubunge, na waliowachagua hawakuulizwa. Mwaka 1975 katiba ikabadilishwa ili chama kishike hatamu, Bunge likiwa chini yake.

Linaloniuma zaidi ni vijijini. Halmashauri za wilaya zilifutwa 1972. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere, Rais, akatangaza kwamba kuhamia vijiji vya ujamaa ni amri, na ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Mwaka huohuo wa 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Mkulima aliyehamishwa shamba lake aende kwa nani? Kwa balozi wa nyumba kumi, ambaye naye ni mtu wa chama.

Najua mtanijibu kwa Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu chama kimoja au vyama vingi: takriban wanane kati ya kila kumi waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Naiheshimu kauli yao, waliogopa vurugu na ukabila. Lakini tume ikapendekeza vyama vingi, CCM, chama kilichorithi TANU, ikakaa, ikakubali, na sheria ikabadilishwa 1992. Mimi naunga mkono uamuzi ule kwa moyo wote, ila ulifanywa kwa njia ileile ya kushuka kutoka juu.

Mliokuwa wajumbe wa mikutano ya wilaya enzi hizo, naomba mtusaidie: je, mliwahi kukataa jambo la sera lililotoka juu, na likarudi kweli?