Cherehani ya ngozi inaruka mishono: tupeane uzoefu

Mabegi Kampala
Wakuu, leo mkoba wa ngozi ya ng'ombe wa Ankole umerudishwa dukani. Mshono safi kote, isipokuwa pale mkanda unapoingia kwenye mfuko, ngozi nne zikipandana. Pale uzi umelala juu tu, chini haukushikwa, na mkanda umefumuka. Nikakumbuka hii mada haijawahi kuwekwa mezani ikaisha. Aliyepambana na mashine nzito inayoruka aeleze: mashine gani, sindano gani, uzi gani, ngozi ya unene gani, na dawa ilikuwa nini. Tafadhali msiseme "peleka kwa fundi". Sisi ndio mafundi.

Fundi Viti Jinja
Sindano kwanza, kabla hujagusa skrubu yoyote. Na simaanishi kubadilisha tu, namaanisha kusoma pakiti. Mashine zinazotembeza mguu (kile chuma kinachokandamiza ngozi), kama Juki LU-1508 na nakala zake za Kichina, zinataka DPx17 (pakiti nyingine zinaandika 135x17), na ya ncha ya ngozi ni 135x16. Madukani ukikosa hiyo unapewa DPx5. Shina lake ni milimita 2 vilevile, inaingia vizuri, skrubu inakaza, unafurahi. Lakini ni fupi kwa karibu milimita 5! Tundu linabaki juu, ndoano (ile inayozunguka chini na kukamata uzi) inapita chini yake bila kukuta uzi. Hapo hata ufungue mashine nzima hutapata kosa.

Halafu sukuma sindano hadi juu kabisa kabla ya kukaza. Mfereji mrefu uelekee upande uzi unakotokea, na ule upande uliochongwa juu ya tundu uitazame ndoano. Ikikaa mshazari kidogo tu, nyembamba inasamehe, nene haisamehe.

Kiatu Arua
Kweli tupu. Hata kwenye 29K, ile Singer ya viatu, watu wanabandika sindano za cherehani ya nguo. Ile inataka 29x3 kwa kitambaa na 29x4 kwa ngozi, basi.

Katwe Mashine
Sindano mnaisingizia bure. Mashine nyingi zinazoletwa kwangu zina sindano mpya kabisa na bado zinaruka. Tatizo ni majira ya ndoano, yaani wakati inapokutana na sindano. Tuelewane inavyofanya kazi: sindano ikifika chini kabisa kisha ikaanza kupanda, uzi ulio nyuma yake unabaki na kutanuka, unatokea kitanzi. Ikiwa imepanda kama milimita 2 hadi 2.5, ncha ya ndoano inatakiwa iwe katikati ya sindano, juu ya tundu kwa milimita 1.5 hivi. Ikiwahi, kitanzi bado hakijafunguka. Ikichelewa, kitanzi kimeshalala. Na nafasi kati ya ncha na sindano ni ya karatasi nyembamba kupita kwa shida. Ukiona mwanga wa tochi unapita wazi hapo, inaruka, hata uweke sindano ya dhahabu.

Fundi Viti Jinja
Ssebo, majira hayajiondoi yenyewe. Skrubu za ndoano zimekazwa kiwandani. Kama jana ilishona na leo inaruka, na hakuna kilichogonga, uliza kilichobadilika: sindano, uzi, au ngozi.

Katwe Mashine
Skrubu zinalegea, mkuu. Mashine inayoshona viti kutwa nzima inatetemeka.

Busia Mpakani
Ngoja niwape kisa cha mashine moja ya viti vya boda hapa mpakani ili mwone mnavyoweza kuwa sahihi wote wawili na mashine ikafa.

Ilikuwa nakala ya LU-1508, uzi tiketi 20 (tiketi ni namba ya unene, ikipungua uzi unanenepa), reksini (ngozi bandia) mbili na sponji na mkanda wa ukingoni. Ilipofika kwenye kona, sindano ikavunjika, kipande kikabaki chini na uzi ukajisokota kwenye ndoano, gurudumu likakwama. Mwenye mashine akalilazimisha kwa mikono miwili. Likasikika "tak!", gurudumu likawa jepesi. Akatoa kipande, akaweka sindano mpya, akashona: hakuna hata mshono mmoja uliokamatwa. Sindano inapanda na kushuka, chini kimya.

Akaitwa fundi wa mtaani. Fundi akaona ndoano haiko mahali pake sindano inaposhuka, akasema majira yameruka. Akalegeza skrubu, akaizungusha ndoano kwa kidole hadi ikakutana na sindano, akakaza. Hakuangalia kwamba ndoano yenyewe haizunguki! Ile "tak" ilikuwa klachi ya usalama imeachia. Kazi yake ni hiyo: uzi ukikwama, inatenganisha shafti ya chini ili ndoano isivunjike. Fundi akawasha mota, akakanyaga. Klachi ikajishika yenyewe katikati ya mwendo, ndoano ikaja na majira yale mapya ya uongo, ikaivaa sindano usoni. Cheche zikatoka. Kipande cha sindano kikapita kando ya shavu la kijana aliyekuwa ameshika kiti. Ncha ya ndoano ikabaki na pengo unaloweza kulihisi kwa ukucha.

Kwa hiyo mashine ambayo ingepona kwa kubonyeza kitufe iliishia kununuliwa ndoano mpya.

Mabegi Kampala
Banange! Na kijana?

Busia Mpakani
Salama. Mkwaruzo tu. Ndiyo maana nasema jaribio la kwanza baada ya kufungua chochote ni kwa mkono, mota imezimwa, mizunguko kadhaa kamili.

Mshonaji Tororo
Hiyo klachi inarudishwaje? Yangu ni ya aina hiyohiyo na sijawahi kuona kitufe.

Busia Mpakani
Zima mota. Toa sindano, safisha nyuzi zote chini ya ndoano, hata kile kipande kidogo kabisa. Kitufe kiko juu ya kitanda cha mashine, karibu na nguzo. Kibonyeze na ukishikilie, huku mkono mwingine unazungusha gurudumu polepole hadi lizuie. Ongeza nguvu kidogo, utasikia inashika. Ina sehemu moja tu ya kushikia, kwa hiyo majira yanarudi yalipokuwa, hakuna cha kupima upya. Ukilegeza skrubu kabla ya hapo ndipo unapojiharibia.

Mshonaji Tororo
Nimekiona! Kilikuwa kimezibwa na vumbi la sponji.

Katwe Mashine
Na ncha ikiwa na mkwaruzo mdogo, si lazima ununue mpya. Jiwe laini la kunolea lenye mafuta, kisha msasa wa 1200, hadi uzi upite bila kukwama. Sugua kwa ndani na pembeni, usiifupishe ncha. Ukiifupisha umebadilisha majira bila kujua. Pia angalia kile kilinzi cha sindano kwenye ndoano: kikipinda sana kinaisukuma sindano mbali, na kuruka kunaanza hapo.

Mama Ngozi Mbarara
Wanaume mmekimbilia chini ya mashine, juu hamjatazama. Swali la Mabegi ni ngozi nne zinazopandana. Kama inaruka hapo tu na kwingine inashona, majira hayana hatia.

Fungua kifuniko cha pembeni, washa tochi ya simu, zungusha kwa mkono ukiwa kwenye ule unene. Tazama ngozi, usitazame ndoano. Sindano ikianza kupanda, ngozi inapanda nayo. Msuguano umeishika. Ngozi ikipanda na sindano, uzi nao unapanda, hakuna kinachobaki nyuma, kitanzi hakitokei. Kwenye ngozi moja utaona kitanzi kimesimama kando ya sindano kama sikio dogo. Kwenye nne, uzi umenyooka tu.

Dawa ni kuizuia ngozi isipande. Kaza springi ya mguu. Hakikisha mguu wa ndani, ule unaoshuka na sindano, bado umekandamiza wakati sindano inapanda. Ukiwa umechakaa au tundu lake limepanuka, badilisha. Bamba la sindano nalo, kile chuma chenye tundu sindano inapopita: mtu alitoboa kwa sindano namba 25 mwaka juzi, leo anashona kwa 20 kwenye tundu hilohilo, ngozi inazama na kupanda. Na ongeza namba ya sindano, maana tundu pana linapunguza msuguano.

Mshona Viatu Mbale
Kukaza springi ya mguu kunaacha alama kwenye ngozi laini, mama. Sisi tunalegeza.

Mama Ngozi Mbarara
Alama inapigwa kidogo na nyundo yenye ngozi, inapungua. Mshono ulioruka haupigwi nyundo. Kama meno ya chini yanakwaruza, yalainishe kwa msasa, lakini usilegeze mguu kwenye unene.

Fundi Viti Jinja
Namba za sindano na uzi, maana hapa ndipo vijana wanapotea. Tiketi 40: sindano 18. Tiketi 30: 18 au 19. Tiketi 20: 22, na ngozi kavu nene panda 23. Tiketi 13: 23 au 24. Kipimo rahisi: pitisha uzi kwenye sindano ikiwa mkononi, nyoosha uzi mshazari, sindano iteleze yenyewe hadi chini. Ikikwama, uzi ni mnene kwake.

Mshona Viatu Mbale
Na ncha? Nimeambiwa ya kukata ni kwa kila kitu.

Fundi Viti Jinja
Hapana. Ncha ya kukata ni ya ngozi halisi. Reksini ina kitambaa nyuma, ukiikata unaidhoofisha, inachanika kwenye mstari wa mshono mteja akikalia. Reksini tumia ncha ya mviringo.

Katwe Mashine
Reksini nene nashona kwa ya kukata na haichaniki. Refusha tu mshono hadi milimita 4 au 5.

Fundi Viti Jinja
Inategemea kitambaa cha nyuma. Kiti cha boda kinavutwa kila siku. Sibadilishi.

Kiatu Arua
Msisahau msokoto. Uzi wa Kiyembe, pale Kampala, si wote wa mashine. Ushike kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia uuviringishe kati ya gumba na shahada kuelekea kwako. Ukikaza, unafaa. Ukifumuka, utagawanyika kwenye sindano na ndoano itapita katikati yake.

Na 29K ikiruka wakati sindano na uzi ni sahihi, shusha sindano chini kabisa, sukuma shato (inayobeba uzi wa chini) mbele na nyuma kwa kidole. Ikicheza sana, meno yanayoisukuma yamelika. Badilisha gia na reki (ule upau wa meno unaoizungusha) pamoja. Gia mpya kwenye reki iliyolika inalika haraka.

Mshona Viatu Mbale
Gundi je? Yangu inaanza vizuri, baada ya soli kadhaa inaruka.

Mama Ngozi Mbarara
Unashona gundi haijakauka. Inajipaka kwenye sindano, sindano inapata joto, inanata na kuinua ngozi. Subiri gundi isishike kidole. Pangusa sindano kwa kitambaa chenye tina (ile ya kuyeyushia rangi), mota imezimwa. Tone la mafuta ya silikoni kwenye uzi linasaidia pia.

Katwe Mashine
Silikoni usiipake kabla ya kupaka rangi ukingoni. Rangi haitashika.

Mabegi Kampala
Nimefungua kifuniko na tochi kama Mama Ngozi alivyosema. Ngozi inapanda wazi kabisa, na tundu la bamba ni pana kuliko sindano mara mbili. Sindano iliyokuwemo ni 20 na uzi tiketi 20. Natafuta bamba jipya na sindano 23. Ncha gani kwa mshono unaonekana nje?

Fundi Viti Jinja
Zote mbili ni ncha za kukata, herufi iko kwenye pakiti: S, ukitaka mstari ulionyooka. LR, ukitaka mishono ilale mshazari kidogo. Kwenye mkanda wa begi weka S na mshono usiwe mfupi kuliko milimita 4, maana S inakata kufuata mstari na ukibana matundu ngozi inachanika yenyewe.

Mama Ngozi Mbarara
Na pale penye ngozi nne, chonga kingo za mbili za ndani ziwe nyembamba kabla ya kugundisha. Kisha ukifika hapo zungusha kwa mkono.