Naomba ushauri: mchoro wa zamani wa reli, nisafishe picha au nichore upya?

Habari za leo wakuu. Niko Kigoma, Mwanga. Marehemu babu alifanya kazi reli, ametuachia mchoro wa njia ya Dar es Salaam hadi Kigoma (ile reli iliyofika ziwani mwaka 1914), stesheni zote na mstari wa miinuko chini yake. Mikunjo imekula maandishi, na doa la chai limekaa pale pale Uvinza.

Steshenari waliniskania kwa JPEG (faili linalobana picha na kupunguza ubora), herufi zikazungukwa na ukungu, nikaitupa. Nimeskani upya vipande vinne, nukta 600 kwa inchi, TIFF (faili linalotunza ubora wa picha). Kwenye GIMP (programu ya kuhariri picha) umanjano umetoka, ila nikiongeza weusi wa wino, makunyanzi nayo yanakolea. Nikipunguza, mstari wa miinuko unapotea. Inkscape (programu ya kuchora mistari) nikaiachia ifuatishe mistari yenyewe: kila 8 ikawa tone la wino!

Sasa, niendelee kusafisha picha, au nichore upya kwa mkono juu yake? Na namba zilizoliwa na mikunjo, nizijaze kutoka ramani nyingine kwa rangi tofauti, au niache wazi? Nataka kuichapa kwenye karatasi kubwa ya A1, bibi aitundike sebuleni.