Turubai, hema au kibanda: tofauti hasa ni ipi?

Mgeni wa Porini
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi na wenzangu watano tunajiandaa kwa safari ya siku nne porini, na kila tunayemwuliza kuhusu malazi anatutajia kitu chake. Je, turubai, hema na kibanda cha matawi vinatofautiana kwa uzito tu, au kila kimoja kina kazi yake?

Fundi Kamba
Kila kimoja kina kazi yake. Turubai lililofungwa kwa kamba baina ya miti miwili ni jepesi na hupitisha hewa vizuri, lakini upepo ukigeuka mvua huingia ubavuni, na mbu hawana wa kuwazuia. Hema lina sakafu na chandarua, na lile la tabaka mbili lina faida ambayo wengi hawaioni dukani: mvuke wa pumzi za waliolala hupenya kitambaa cha ndani, hugeuka matone kwenye kile cha nje, kisha huteremka hadi ardhini bila kumlowesha mtu. Katika hema la tabaka moja, matone hayo huwadondokea wenyewe, nao asubuhi hulilaumu hema kwamba linavuja.

Kibanda cha matawi mimi nakihesabu kuwa cha dharura, kwa kuwa hula saa nyingi, na katika hifadhi nyingi kukata miti hairuhusiwi. Mkilazimika kukijenga, kiwe kidogo kiasi cha kuwatosha tu, kwa maana joto lililomo ni la miili yenu wenyewe, na mtandike majani makavu kwa unene wa kutosha, kwa sababu ardhi baridi humnyonya mtu joto usiku kucha.

Bint Safari
Naongeza jambo moja: msiwashe jiko wala mkaa ndani ya hema, hata mvua inyeshe vipi. Moto katika nafasi finyu hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Mpanga Kambi
Wenzangu wamezungumzia paa. Kambi yenyewe ni zaidi ya paa. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada katika kambi za wakimbizi, hutaka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za kuishi, makazi yaachane kwa mita 2 au zaidi ili moto usirukie jirani, na choo cha shimo kiwe mita 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji. Ninyi ni wachache, lakini umbali wa choo na maji uzingatieni vilevile.

Mgeni wa Porini
Nashukuruni sana. Basi tutachukua mahema mawili ya tabaka mbili, na turubai moja la kupikia chini yake.

Fundi Kamba
Vyema. Upande mmoja wa turubai uwe chini kuliko mwingine, maji yasije yakatuama katikati.