Mrejesho: Silvia yangu, breki na shoki

Wadau wa Malindi, niliuliza nianze kubadilisha shoki (vifaa vya kupunguza mtikisiko) au breki kwenye gari langu, Nissan Silvia S13 la 1990. Mlisema breki kwanza, na mliniokoa. Fundi kufungua magurudumu, paipu za breki zimeliwa na kutu. Chumvi ya bahari yetu haina adabu. Tukaweka paipu mpya, mafuta ya breki ya DOT 4 na kalipa (vibanio vya breki) za pistoni nne za Nissan 300ZX mbele. Kumbe rimu zangu za zamani zinagusa kalipa! Nikatafuta za inchi 17, mfuko ukalia.

Shoki na bushi (raba za viungo) ni mpya, ila springi sikuzishusha. Gari likiwa chini, kwa matuta haya lingechunika tumbo. Jana nimefika Kilifi na kurudi, haliyumbi. Asubuhi pedi za breki bado zinapiga kelele kidogo.