Naomba ushauri: koti la Harris Tweed lililotobolewa na nondo

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Glasgow, na mwezi uliopita nilinunua koti la mtumba la Harris Tweed (kitambaa kizito cha sufu cha Scotland) ambalo kwa mbali ni kahawia tupu, lakini ukilisogeza dirishani unaona nyuzi za chungwa, kijani na hata zambarau, kwa kuwa sufu yake hutiwa rangi na kuchanganywa kabla ya kusokotwa. Ndani lina lebo yenye nembo ya tufe na msalaba, iliyosajiliwa mwaka 1910, na kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1993 jina Harris Tweed ni la kitambaa kilichofumwa kwa mkono majumbani mwa wafumaji wa visiwa vya Outer Hebrides, kwa sufu iliyotiwa rangi na kusokotwa hukohuko. Koti jipya la aina hii nisingelimudu.

Shida ni kwamba nondo wametoboa matundu matatu karibu na kiwiko cha kushoto, mojawapo likipitisha ncha ya kidole, na kwapani kuna harufu ya jasho la mwenyewe wa zamani. Nimeshaliweka kwenye friza wiki mbili ili mayai na viwavi wafe. Fundi mmoja amependekeza viraka vya ngozi kwenye viwiko vyote viwili. Wengi huyavaa hivyo, ila mimi naona ni kuficha tu.

Je, aliyewahi kushona sufu nzito anashauri nichomoe nyuzi kwenye pindo la ndani na kuyafuma matundu kwa sindano? Na harufu hiyo nitaiondoaje bila maji ya moto, ambayo yatalirudisha koti likawa la mtoto?