Hizi projekta za "4K" za laki mbili na nusu ni wizi, na tuuite wizi

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa hasira, anayetaka maneno laini apite tu.

Hivi hawa wanaotangaza projekta Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp wanatuonaje? Laki mbili na nusu: "4K Ultra HD, lumeni 12,000, inchi 300, Android ndani, tunaleta bure Dar nzima." Picha ya tangazo ni sebule ya Ulaya, mchana kweupe, mapazia wazi, na ukutani kuna simba anayeonekana mpaka sharubu. Simba yule amebandikwa kwa kompyuta. Hakuna projekta, hata ya mamilioni, itakayokupa weusi wa namna ile kwenye ukuta mweupe mchana, kwa sababu projekta haimwagi rangi nyeusi. Nyeusi yake ni sehemu ya ukuta ambayo haikupigwa mwanga. Dirisha likiwa wazi, nyeusi yako ni rangi ya ukuta wako.

Mimi ni fundi wa kufunga. CCTV, madishi, TV za ukutani, na siku hizi watu wanapenda sinema za nyumbani, basi nafunga na hizo. Fundi huitwa pesa ikishalipwa, na picha ikiwa mbaya lawama ni za fundi.

Juzi kaniita mzee mmoja mstaafu. Chumba kakiandaa vizuri kuliko wateja wangu wengi: rangi ya kijivu iliyokoza, mapazia mazito, kochi jipya, spika za maana. Akatoa projekta kwenye boksi, kitu chepesi unakinyanyua kwa vidole viwili. "Mwanangu, hii ni 4K, vijana wamenihakikishia." Nikamwambia sawa mzee, tuiwashe kwanza kabla sijatoboa dari. Nikachomeka laptopu. Laptopu inasema 3840 kwa 2160, mzee anatabasamu. Nikafungua ukurasa wenye maandishi madogo, hayasomeki. Nikaomba kitabu cha maelekezo. Ukurasa wa mwisho, kwa maandishi ya kusomwa na tochi: paneli (kile kioo kidogo cha ndani kinachotengeneza picha) 1280 kwa 720.

Pigeni hesabu wenyewe. 4K ya nyumbani ni 3840 mara 2160, yaani pikseli 8,294,400. Ya mzee ni 1280 mara 720, pikseli 921,600. Ni moja ya tisa, kamili, haibaki hata pikseli moja. Mwenye bucha akikupimia kilo moja badala ya tisa, mtaa mzima unajaa mlangoni kwake. Huyu wa projekta anaandikiwa "asante bosi, mzigo umefika salama" na vikopa viwili.

Ujanja uko kwenye neno moja: "inasapoti". Inasapoti 4K maana yake ni kwamba ukiingiza 4K kwenye tundu la HDMI haitakataa. Itaipokea, itaipunguza mpaka itoshe kwenye paneli yake ndogo, halafu itakurushia hicho kilichobaki. Ndiyo maana laptopu ilisema 3840 kwa 2160, yenyewe inajua ilichotuma, haijui kilichofika ukutani. Kwa hiyo usiulize "ni 4K?" Muuzaji yeyote atajibu ndiyo. Uliza paneli yake ina pikseli ngapi, na akuonyeshe palipoandikwa. Akianza kukuambia "picha kali sana boss", ondoka.

Lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, ndiyo uongo mkubwa zaidi. Kuna kipimo kinaitwa ANSI: unarusha picha nyeupe, unapima mwanga sehemu 9 za ukuta, unachukua wastani na kuzidisha kwa eneo la picha. Hiyo ndiyo namba unayoweza kulinganisha mashine na mashine. Wenzetu hawa wanaandika namba ya taa kabla mwanga haujapita popote, na wengine nadhani wanaandika tu itakayowajia. Geuza mashine usome kibandiko cha umeme. Kama inakula wati 70, hizo lumeni 12,000 zinatoka wapi? Taa nzuri ya LED ya dukani, isiyopita kwenye kioo chochote, inatoa lumeni kama 100 kwa kila wati. Yaani hata mwanga wote ungefika ukutani ungepata 7,000. Nao haufiki. Hizi projekta za paneli moja ya LCD zina polaraiza inayokula nusu ya mwanga, kisha vichujio vya rangi vinakula kama theluthi mbili ya kilichobaki, na bado lenzi haijachukua chake. Marekani, Epson waliwahi kuwapeleka mahakamani wauzaji wa projekta kwa sababu ya lumeni za uongo. Sisi huku tunaweka like.

Na hizo inchi 300! Inchi 300, zikipimwa kona kwa kona, ni picha yenye upana wa mita 6.64 na kimo cha mita 3.7. Nani humu ana ukuta wa mita 3.7 kwenda juu? Labda unaishi ukumbini. Inchi 100, ambayo wengi wetu ndiyo tunaiweza, ni mita 2.21 kwa 1.25. Sasa kuna kitu hawakuambii kabisa, umbali. Mashine yenye uwiano wa 1.5 inataka ikae mara moja na nusu ya upana wa picha, yaani mita 3.3 kutoka ukutani kwa hiyo inchi 100. Chumba cha futi 10 kwa 12 kina mita 3.66 upande mrefu. Toa urefu wa mashine yenyewe na waya unaotoka nyuma, umebaki na nini? Nimeshafunga projekta ikabidi ikae karibu mlangoni, kila anayeingia anapita na kivuli chake kwenye sinema.

Halafu wanakupa dawa, "ina keystone ya otomatiki, iweke popote hata pembeni, picha inajinyoosha." Inajinyoosha kwa kukata. Keystone ya kidijitali inaibana picha ndani ya paneli ile ile na kuacha pikseli za pembeni bila kazi. Ukianza na pikseli laki tisa, ukaiweka mshazari, unamalizia na ngapi? Weka mashine katikati, ielekee ukuta sawasawa, keystone iache sifuri. Kama ina lenzi inayosogezwa yenyewe juu na chini, hiyo ni kitu kingine kabisa na ni ya kulipia.

Kabla hamjaniambia kwamba kila kitu ni uongo, hapana. Kuna 4K ya kweli kabisa, Sony wa SXRD na JVC wa D-ILA (ndiyo majina ya paneli zao), zenye 3840 kwa 2160 au 4096 kwa 2160. Bei zake ni zaidi ya milioni kumi, tuziache. Katikati kuna zile za kuchezesha pikseli. Texas Instruments wana chipu ya DLP ya inchi 0.47 yenye vioo vidogo 1920 kwa 1080, na kila fremu picha inasogezwa mara 4 kwa kasi ambayo jicho halioni, jumla zinatimia hizo milioni 8.3 ukutani. Mashine nyingi za BenQ, Optoma na ViewSonic zinazoandikwa 4K UHD ni za namna hiyo. Epson nao wanasogeza, ila wao wanatumia paneli tatu. Kuna watu wanabishana kama hiyo ni 4K halali. Mimi nimezifunga, nimesogea mpaka karibu na ukuta, na sina ugomvi nazo. Maandishi yanasomeka. DLP shida yake ni nyingine, gurudumu la rangi linalorusha nyekundu, kijani na buluu kwa zamu: baadhi ya watu wanaona vimulimuli vya upinde wa mvua wakigeuza macho haraka. Mpeleke mkeo au mumeo akaione kabla ya kulipa, maana kuna nyumba mmoja haoni chochote na mwenzake kichwa kinamuuma.

Ila wengi wenu 4K hamuihitaji, na hili ndilo linaloniuma zaidi, kwamba mtu anaibiwa kwa ajili ya kitu ambacho hata angekipata asingekiona. Picha ya inchi 100 ya Full HD, 1920 kwa 1080, pikseli moja ina upana wa milimita 1.15. Jicho zima la kawaida likikaa mita 4 haliwezi tena kuzitenganisha. Kochi lako likiwa mita 4, Full HD ya kweli inakutosha. Likiwa mita 2 na nusu au 3, hapo 4K utaiona, weka pesa.

Na hiyo 4K utaionyeshea nini? King'amuzi chako cha HD mwisho wake ni 1080. Hivi vidude vya Android vilivyomo ndani ya projekta za laki mbili na nusu vingi havina kibali cha Netflix, kwa hiyo hata ukilipia kifurushi kikubwa unapewa picha ya 480, chini ya kila kitu tulichokitaja hapa. Kisanduku cha nje chenye kibali nacho kinataka tundu la HDMI lenye HDCP 2.2 (kinga ya kuzuia kunakili), la sivyo 4K hailetwi. Netflix wenyewe wanasema 4K inaweza kula mpaka GB 7 kwa saa. Filamu ya saa mbili ni GB 14. Wenye faiba sawa, wa bando la simu mtalia.

Pesa yako ipeleke kwenye mwanga wa kweli na giza la chumba. Kiwango cha kumbi za sinema ni kandela 48 kwa mita ya mraba. Kwa inchi 100 kwenye kitambaa cheupe cha kawaida ndani ya giza, hiyo ni lumeni zisizofika 450. Kidogo eh? Lakini taa inafifia kwa kadiri inavyotumika, na ukiiweka kwenye mpangilio wenye rangi sahihi mwanga unashuka tena, kwa hiyo mimi naanzia 1,500 za ANSI kwa chumba chenye pazia zito, na 2,500 kwenda juu kwa sebule ambayo watoto wanawasha taa kila dakika.

Mtumba? Zile za ofisini na mashuleni zimejaa, zinawaka kweli, lumeni 3,000, lakini nyingi ni 1024 kwa 768, umbo la TV ya zamani. Wenye vibanda umiza wanazitumia na hawadanganyiki. Wao wanaingia kwenye menyu kwanza kuangalia saa za taa. Na wewe fanya hivyo. Taa ya zebaki inaenda kama saa 3,000 mpaka 5,000, leza kama 20,000. Ukichukua ya taa, nunua na UPS, maana umeme ukikatika ghafla feni inasimama taa ikiwa bado ya moto, na taa mpya si bei ya mchezo.

Vumbi nimelisahau. Za bei rahisi nyingi njia yake ya mwanga haijazibwa. Vumbi linaingia mpaka kwenye paneli, baada ya muda una madoa yanayoelea usoni kwa kila mtu kwenye filamu.

Yule mzee alipiga simu dukani nikiwepo. Jibu: mali ikishauzwa hairudishwi, na boksi limeshafunguliwa. Risiti ya mkono imeandikwa "Projector 1" basi. Hakuna modeli, hakuna pikseli, hakuna hilo neno 4K walilompigia kelele. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji na Tume ya Ushindani (FCC) wapo, lakini unaenda nao na ushahidi gani? Kwa hiyo piga picha ya tangazo kabla halijafutwa, na dai risiti ya EFD yenye modeli na pikseli za paneli zimeandikwa. Muuzaji anayejua anachouza hatasita.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini ananiambia nawaharibia vijana riziki. Riziki gani ya kumuuzia mstaafu moja ya tisa? Waandike tu "720, nzuri kwa katuni za watoto usiku, laki mbili na nusu" na mimi mwenyewe nitawaletea wateja. Kwa kazi hiyo ni kitu kizuri.

Dada uliyeuliza achukue TV ya inchi 65 au projekta: kama sebule yako haina pazia na unaangalia taarifa ya habari na mpira wa saa kumi jioni, chukua TV. TV ya 4K ya kweli siku hizi ni rahisi kuliko projekta ya 4K ya kweli, na haidai giza.

Wauzaji mliomo humu, najua mpo, na wawili wameshanifuata inbox. Msinifuate inbox. Wekeni hapa hapa modeli mnazouza, pikseli za paneli, ANSI na wati. Nitazipitia moja moja mbele ya watu.